Trekta la Saa Sita na Klova ya Mama Umande

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Umande ameshika pembe ya ng'ombe kwa mkono mmoja na chupa ya mafuta ya kupikia kwa mkono wa pili, na ukiwatazama wote wawili huwezi kusema nani anahema zaidi.

Ng'ombe huyo anaitwa Kidoti. Ana mimba ya miezi saba. Ubavu wake wa kushoto umetuna hadi umeupita uti wa mgongo, na mwanamke huyu anapougonga kwa vidole unalia kama ngoma. Muda mfupi uliopita Kidoti amekutwa peke yake katikati ya klova, tumbo tupu, akifakamia majani yaliyolowa chapachapa.

"Kifo hakiko kwenye klova," anasema bila kuinua macho. "Kiko pale njaa na maji vinapokutana."

Mwandishi wa makala haya alikuja kuandika habari tulivu za malisho. Hata daftari hajalitoa, ameambiwa aushike mkia na asiuachie.

Klova ni mmea mfupi unaotambaa, wenye majani matatu matatu na ua dogo jeupe. Ng'ombe wanaupenda kama watoto wanavyopenda sukari, na maziwa huongezeka. Lakini mnyama mwenye njaa akiujaza tumboni ukiwa na maji, tumbo hutengeneza povu, gesi hukosa pa kutokea, na saa moja inatosha kumuua.

Ndiyo maana mama huyu mwenye miaka arobaini na tatu, mjane, kila asubuhi huwalisha ng'ombe wake watano majani makavu kwanza, kisha husimama getini akisubiri shamba likauke. Akisalimiwa, jibu lake lilikuwa moja: umande bado. Majirani wakampa jina, naye akalipokea. "Ningefanyaje? Jina halitozwi kodi," anasema.

Alianza baada ya mumewe kufariki, miaka minne iliyopita. Shamba la ekari moja na robo liko mtelemkoni, na lilikuwa limechoka. Kila mvua iliponyesha udongo ulishuka bondeni, na mahindi yalitoka membamba kama fito.

Mara ya kwanza alizifukia mbegu kwa kina cha mahindi. Hazikuota hata moja. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi mwashi, alipita akasimama na kuuliza, "Shemeji, mwaka huu umepanda hewa?"

"Mbegu ya klova ni ndogo kuliko mtama," anaeleza sasa. "Unaimwaga juu, unaipitishia tawi tu. Mimi niliizika."

Mara ya pili iliota. Ilifunika ardhi yote na udongo ukaacha kushuka. Kwenye mizizi yalikuwepo mafundo madogo, na alipoyapasua ndani yalikuwa mekundu, dalili kwamba yanatengeneza mbolea. Hapo akajua mmea unairutubisha ardhi wenyewe. Alipolima kipande kimoja na kurudisha mahindi, alivuna magunia kumi na moja pale palipokuwa pakitoa sita. Ng'ombe aliyekuwa akitoa lita sita za maziwa kwa siku akafika kumi.

Kisha likaja kosa lililomkosesha usingizi. Asubuhi moja ya mvua, akiwa na haraka ya kuwahi msibani, aliwafungulia ng'ombe bila kuwapa majani makavu. Aliporudi, wawili walikuwa wamelala chali, wamekufa.

Mama mkwe wake, mwenye ardhi hiyo, hakupiga kelele. Aliwaita mkwewe na mwanawe fundi sebuleni, akasema neno moja mbele yao: akivimbiwa mwingine, klova inalimwa yote.

Miaka miwili imepita. Leo Kidoti amevimbiwa.

Fundi yuko hapa tangu aliposikia kelele. Amesaidia kumsukuma ng'ombe apande sehemu iliyoinuka ili miguu ya mbele iwe juu, amesaidia kumfunga kijiti mdomoni kama lijamu, atafune, mate yatoke, apate kucheua. Kazi hiyo ilipokwisha alinawa mikono, akatoa simu, akampigia dereva wa trekta anayelima shamba la jirani.

"Saa sita utakuwa umemaliza hapo?" mwandishi anamsikia akiuliza. "Basi pitia na huku."

Mama Umande amesikia. Mkono unaomimina mafuta pembeni mwa shavu la ng'ombe unabaki palepale, polepole, asije akapaliwa.

Simu yake mwenyewe iko chini kwenye majani, sauti imefunguliwa. Daktari wa mifugo yuko njiani kwa pikipiki, na bado ni mbali.

"Amesimama?" daktari anauliza.

"Amesimama, ila miguu inacheza."

"Kisu unacho?"

"Ninacho. Nimekichemsha."

"Akilala chini, usinisubiri. Unapajua pa kutoboa."

Anapajua. Aliwahi kuonyeshwa, ubavu wa kushoto, kwenye bonde kati ya mbavu na nyonga. Hajawahi kufanya. Kisu kiko juu ya kitambaa cheupe, na kila Kidoti anapoyumba, anakitupia jicho.

Mama mkwe amesimama kwenye kona ya zizi, mikono ameifumbata kifuani.

Fundi anakagua waya wa geti la klova. "Haukukatika," anasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu. "Kitanzi kimeinuliwa kikawekwa chini. Shemeji, ulisahau kufunga?"

Hapa inafaa tueleze. Geti hilo hufungwa kwa kitanzi kigumu ambacho mnyama hawezi kukiinua. Fundi alilala kwake, ng'ambo ya barabara. Nyumbani walikuwa wanawake wawili, na Mama Umande alikuwa mtoni akichota maji.

Anamtazama shemeji yake, kisha anatazama chini. "Labda nilisahau," anasema.

Hakusahau. Fundi anaposogea, Mama Umande anamnong'oneza mwandishi bila kuacha kuusugua ubavu wa ng'ombe: "Mimi najua. Lakini mama mkwe hasemwi mbele ya mwanawe. Acha."

Saa mbili kasorobo Kidoti anapiga magoti. Mama Umande anaokota kisu. Anaweka kidole pale alipoonyeshwa. Anasema, "Inuka mama, inuka, tafadhali," kama anayembembeleza mgonjwa ale uji. Fundi, pamoja na hasira zake, anaingiza bega chini ya kifua cha ng'ombe na kusukuma mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Kidoti anainuka nusu, anayumba, anasimama. Kijiti kinazunguka mdomoni. Halafu inatoka mbweu moja ndefu, yenye harufu ya majani yaliyochacha, na nyingine, na nyingine. Ubavu unaanza kushuka mbele ya macho yetu. Mama Umande anaketi hapohapo kwenye matope na kulia kwa sauti, wala haoni haya.

Daktari anafika saa mbili na robo. Anasikiliza tumbo, anasikiliza na ndama. Wote wazima. "Umefanya kazi yangu," anamwambia. "Nitakuja kukuomba ajira."

Ungedhani mambo yameishia hapo. Fundi hajaghairi trekta.

"Amepona, tushukuru," anasema. "Lakini neno la mama lilikuwa akivimbiwa, si akifa. Au nimesikia vibaya?" Na si mtu mbaya. Wale ng'ombe wawili waliokufa, mmoja alikuwa wake.

Saa karibu nne zinapita kwa shida. Mama Umande anachukua fyekeo na kwenda kuvuna klova ile ya juu, anaikata akiacha kimo cha vidole vitatu kutoka ardhini, kama anavyofanya siku zote ili ichipue tena. Kuiachia kimo ichipue katika shamba litakalolimwa mchana huohuo hakuna maana yoyote. Mwandishi hakuthubutu kumwambia.

Trekta linaingia saa sita na dakika tano. Dereva hazimi injini. Anauliza aanzie wapi, na fundi anamwonyesha kwa kidole.

Ndipo mama mkwe anapotoka kwenye kona yake. Anatembea taratibu mpaka mbele ya gurudumu, anasimama hapo.

"Kijana, zima hiyo kitu, sisikii nikisema."

Injini inazimwa.

"Mama," fundi anaanza, "neno ulilisema mwenyewe."

"Nililisema mwenyewe. Na geti nililifungua mwenyewe." Anavuta pumzi. "Kidoti alikuwa analia kwa njaa na majani yako mbele yake. Nikasema moyoni, huyu mke wa marehemu anamtesa mnyama. Nikamhurumia. Nusura nimuue."

Dereva anashika usukani akitazama mbali, kama watu wafanyavyo wakijikuta ndani ya mambo ya nyumba isiyo yao.

"Na huyu," mama mkwe anasema akimwelekea mkwewe, "tangu asubuhi anajua. Amekubali alimiwe shamba kuliko kunitaja."

Trekta linaondoka kwa kurudi nyuma. Fundi analisindikiza mpaka barabarani, kisha anarudi na kukaza nguzo ya geti iliyolegea, bila kuombwa.

Mchana, akikamua, Mama Umande anaeleza mpango wake. Mvua zijazo atachanganya klova na nyasi za kawaida, nyasi ziwe nyingi zaidi, kwa sababu mchanganyiko hauvimbishi upesi. Akifanikiwa, atashuka mpaka kipande cha chini ambako udongo bado unahama.

Mwandishi anamuuliza kama kweli angeliacha trekta lilime.

"Ningeliacha," anajibu. "Shamba lingelimwa siku moja. Mama ninaishi naye siku zote."

Maziwa yanaingia ndooni kwa zamu, kushoto, kulia.

"Lakini na mimi nina kosa. Miaka yote hii nimesimama pale getini kama askari, sijawahi kumwita nikamweleza nasubiri nini. Nilimwambia umande, umande, basi. Kesho tutakwenda getini wote wawili, nimwonyeshe. Nimechelewa miaka minne."