Shahidi Wangu wa Mofini

Mimi ni daktari hapa Dodoma, na jana nilijiumbua mbele ya madaktari wenzangu. Nilikuwa nawafundisha wasiogope kuwapa mofini, dawa kali ya maumivu, wagonjwa wa saratani. Kwa mbwembwe nikamwita shahidi, mgonjwa wangu, bibi mmoja wa Mlali.

“Shikamoo, bibi. Waambie, maumivu yakoje?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Yamekwisha! Nalala, nakula, juzi nimepepeta alizeti.”

Wakapiga makofi. Nikatabasamu kama vile dawa niliigundua mimi.

“Ila tangu unipe hiyo dawa,” akaendelea, “wiki nzima sijapata choo.”

Wenzangu hawakunitazama. Walitazama ubao nyuma yangu, nilikoandika kwa wino mwekundu: “Ukiandika mofini, usisahau dawa ya kulainisha choo.”