Ndama Aliyenukia Mchaichai

Nakumbuka harufu ya siku ile kabla sijakumbuka kitu kingine, mwanangu: mchaichai! Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne hapa hapa Busawe, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kujifanya najua. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa mmoja tu, tena amezeeka. Tumaini letu lote lilikuwa kwa ndama wake jike, na ndama huyo alikuwa amejaa kupe.

Bibi yangu, mnusaji mkubwa wa ugoro, alikuwa na dawa yake. Aliloweka vipande vichache vya jani la tumbaku, akachovya kitambaa, akagusa kupe mmoja mmoja. Mimi nikaona anachelewa bure. Alipokwenda shambani nikachemsha fungu zima la tumbaku mpaka maji yakawa meusi. Na kwa kuwa harufu yake ilinichefua, nikatia mchaichai mwingi. Ikanukia, mwanangu, ungedhani ni chai ya wageni! Nikampaka ndama kuanzia masikio mpaka mkia, nikakaa kusubiri sifa.

Sifa hazikuja. Ndama alianza kutokwa na udenda, miguu ikatetemeka, akaanguka. Nikapiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka Manchira, mbali kule. Bibi akaja mbio, akamnusa.

"Umempaka nini?"

"Mchaichai, bibi."

Aliinamia sufuria, akakoroga kwa kijiti, yakaibuka majani ya tumbaku. "Leta maji! Leta sabuni! Mbio!"

Tulimwosha yule ndama mara tatu, mimi nalia, bibi ananigombeza bila kupumzika. "Ukiitia mchaichai ndiyo inaacha kuwa tumbaku? Eti?" Jua lilipokuwa linashuka, ndama akainua kichwa. Akasimama, akayumba, akaenda kumtafuta mama yake anyonye. Weee! Nilirukaruka pale zizini nacheka na kulia kwa pamoja.

Sasa sikia kilichonirudisha kwa ndama huyo. Wiki iliyopita mjukuu wangu Mwita, yuko sekondari, alikuja likizo. Nikamkuta nyuma ya zizi anavuta kidude chembamba kinachong'aa, kinanukia embe.

"Shikamoo bibi," akasema, mvuke unamtoka puani. "Hii si sigara ile. Ni ya kielektroniki. Hakuna moto, hakuna moshi, ni matunda tu."

"Marahaba. Hebu nieleze inavyofanya kazi."

Akaeleza vizuri, mtoto wa watu. Betri inapasha waya, waya unageuza maji kuwa mvuke, na ndani ya maji kuna ladha na nikotini.

"Hiyo nikotini inatoka wapi?"

"Kwenye tumbaku."

Niliruka, mimi na magoti haya! "Mura, kijana wangu, hayo maji nayajua! Nayajua tangu baba yako hajazaliwa!" Nikamsimulia yote, kisha nikamuuliza, "Yule ndama alivuta moshi gani?"

Akakishusha kidude chake. Halafu akaniambia ukweli, na kwa hilo namheshimu sana: amejaribu kuacha mara mbili akashindwa. Kila asubuhi mkono unakitafuta kabla hata macho hayajafumbuka. Ana miaka kumi na saba, mwanangu. Roho iliniuma.

Basi nakuambia na wewe. Usiulize kinanukia nini, uliza ndani mna nini, na hata kikiandikwa hakina nikotini usiwe mwepesi wa kuamini. Maji yale yasiachwe mahali mtoto mdogo anaweza kuyafikia, akiyanywa ni hatari kubwa. Kama hujaanza, usianze. Kama umeshaanza, usijifiche nyuma ya zizi. Mwambie muuguzi wa zahanati, mwambie mwalimu unayemwamini, au njoo kwangu. Mimi nilisema "mchaichai" wakati ndama anakufa, na uongo ule mdogo ulikaribia kutumalizia ng'ombe.

Mwita alinipa kile kidude mkononi. Leo ni siku ya tano. Mkono wake ukianza kutafuta asubuhi, namtuma akakamue, na ng'ombe anayemkamua ni uzao wa ndama yule yule. Leo kaleta kibuyu kimejaa, anacheka!

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu, na mkono wako kila asubuhi ukute maziwa ya kukamua.