Nadhiri ya Miguu

Shangazi yangu Bi Wahida aliweka nadhiri akiwa na kilo tisini, akaja kuishughulikia akiwa na mia na ishirini na moja.

Nadhiri yenyewe aliiweka hospitalini, mama yake alipolazwa kwa maradhi ya moyo. Alisema Mungu akimwinua Bibi pale kitandani, yeye atafanya umra kwa miguu yake mwenyewe, mizunguko saba ya Kaaba na safari saba baina ya Safa na Marwa, bila kusukumwa wala kukokotwa na mtu. Bibi akainuka. Akaishi miaka minne mingine, akila halua na kuwasengenya wakwe zake, na kila mwaka shangazi alisema atakwenda joto likipungua. Joto la Riyadh halipungui, hupumzika tu. Bibi akafa, na nadhiri ikabaki palepale.

Ramadhani iliyopita alijaribu. Mzunguko wa pili goti la kulia likagoma, akamaliziwa umra yake juu ya kiti cha magurudumu, vijana wawili wakipokezana kumsukuma kama wahamishaji wa kabati.

"Mmoja kila tukifika kona anasema mashallah," alinisimulia. "Mashallah ya nini? Si ya uzuri ile."

Alimwuliza sheikh mmoja kama umra ile imesihi. Sheikh akasema imesihi, mwenye udhuru hana lawama. Alipomwuliza kuhusu nadhiri, sheikh alimtazama yeye, kisha akatazama dari, akasema Mungu ni mwingi wa rehema. Shangazi hakuridhika na dari.

Tunaishi jengo moja Malaz, hapa Riyadh, yeye ghorofa ya kwanza, sisi ya tatu. Mimi nafanya kazi ya kutafsiri nikiwa chumbani mwangu, na nina leseni ya gari, kwa hiyo ukoo mzima ukaafikiana kwamba sina kazi. Nikafanywa dereva wa safari ya kupungua.

Tulianza kwa daktari, mwezi wa Muharram. Alikuwa kijana mwembamba ambaye kwa kumtazama tu ulijua hajapata kugombana na kiti cha ndege. Alisema goti hawezi kulipasua kwa uzito ule, lazima upungue kwanza, na kwamba siri ya mazoezi ni moja.

"Chagua zoezi unalolipenda, hajja."

"Ninalolipenda ni kukaa," alisema shangazi.

Daktari akacheka. Shangazi hakucheka. Tulipotoka aliniambia atakwenda Makka mwezi wa Shaaban, kabla msongamano wa Ramadhani haujaanza. Ilikuwa miezi saba.

Jimu ya wanawake ilidumu wiki moja na nusu. Mwalimu wake alikuwa msichana mwenye kiuno cha shingo ya chupa, aliyewataka wanachama wapya waandike kwenye kioo sababu iliyowaleta. Wenzake waliandika mambo ya kujipenda na kuanza upya. Shangazi aliandika "Mama." Mwalimu alidhani ametaja jina lake, tangu siku hiyo akawa anampigia kelele, "Haya Mama! Moja tena, Mama!" Lakini lililomtoa pale ni mashine ya kutembelea.

"Nimetembea nusu saa, nimeshuka, nipo palepale," alisema. "Huo si mwendo, hiyo ni adhabu ya kaburi."

Baadaye akajiunga na kikundi cha wanawake wetu, Wazanzibari wa Malaz, waliokubaliana kutembea bustanini kila Jumatatu na Jumatano baada ya Alasiri. Kikundi kilikuwa na nia safi. Tatizo ni kwamba kwetu mtu hendi kwenye mkusanyiko mikono mitupu. Wiki ya kwanza ilikuja chupa ya chai. Wiki ya pili visheti, maana chai kavu inaunguza tumbo. Wiki ya tatu katlesi na mkate wa kumimina, kwa sababu aliyeleta visheti asionekane peke yake ndiye mkarimu. Kufikia wiki ya sita walikuwa wakizunguka bustani mara moja tu, kutafuta mahali pazuri pa kutandika mkeka, na mmoja wao alikuja na jiko la gesi.

Ndipo mwana wa shangazi, Sultan, mhandisi anayeishi Jeddah na mkewe, akamletea saa ya mkononi inayohesabu hatua. Saa ile ilipeleka hesabu hadi kwenye simu ya Sultan. Lengo lilikuwa hatua elfu nane kwa siku. Siku ya kwanza shangazi alitembea elfu moja na mia mbili, Sultan akampigia simu kumhutubia. Siku ya pili akampigia tena. Siku ya tatu hatua zikawa elfu kumi na nne.

"Mama, mashallah! Umeona? Ni kuamua tu!"

"Kuamua tu, mwanangu," alijibu shangazi, amekaa, miguu juu ya mto.

Saa ilikuwa mkononi mwa Rispah. Rispah ni Mkenya, ndiye anayefanya kazi nyumbani kwa shangazi, anadeki, anafua, anapanda darini kuanika na kushuka sokoni. Siku moja nilimkuta ngazini ameishika ndoo huku saa inampongeza kwa kulia.

"Hii kitu yako imenichokesha, madam," alisema tulipoingia ndani. "Imesema nimefika elfu kumi na sita, na bado sijapiga pasi."

"Piga pasi huku unakwenda huku na huku," alisema shangazi. "Sultan anataka kufikisha ishirini kabla ya Ijumaa."

Nilijua. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa sehemu ya dhambi.

Baada ya miezi miwili Sultan alipanda ndege hadi Riyadh kushuhudia matunda. Alikuja kliniki na karatasi ya mchoro wa hatua, mstari unapanda kama ngazi za mnara. Shangazi akapanda mizani. Mia na ishirini na tatu. Daktari akaomba mizani ya pili. Mia na ishirini na tatu na nusu. Akautazama mchoro, akamtazama shangazi, akaanza kuandika vipimo vya damu, vya tezi, vya homoni, na akataja ugonjwa mmoja adimu ambao alionekana kuufurahia kidogo.

Rispah, aliyekuja kubeba mkoba, akauliza kwa upole kama na yeye anaweza kupima. Alikuwa amepungua kilo sita.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama!" alisema Sultan.

"Usinipigie kelele hospitalini. Ulitaka hatua, nimekupa hatua."

Tulirudi garini watatu. Sultan alikuwa amepanda teksi kwenda uwanja wa ndege, amenuna. Rispah nyuma alijifanya amelala. Tulipofika kwenye taa, shangazi alisema, akitazama mbele, "Kule Safa na Marwa nitamvisha nani saa?"

Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Ijumaa iliyofuata Rispah alikuwa na siku yake ya kwenda sokoni Batha kununua sanduku la safari. Wenzake hununua sanduku mwaka mzima kabla ya likizo, wakilijaza kidogo kidogo, leo sabuni, mwezi ujao blanketi. Akamwomba shangazi waende wote.

"Nikienda peke yangu wananiongezea bei, madam. Wakiniona tu wanajua mimi ni wa kuibiwa."

Shangazi alikubali kwa sababu ya lile jambo la saa, nadhani. Nikawapeleka, nikaegesha gari mbali kwa kuwa Batha hakuna pa kuegesha. Muuzaji wa kwanza, Myemeni mwenye ndevu nyekundu za hina, alitaja bei ya kununulia ngamia.

"Ya sanduku hili?" aliuliza shangazi kwa Kiarabu. "Au pamoja na wewe ndani?"

Akageuka akaondoka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Bibi: bei haishuki mpaka mnunuzi aonyeshe kisogo, na kisogo lazima kiwe cha kweli, mpaka kona. Akienda hatua tano na kugeuka, muuzaji anajua. Shangazi alikwenda mpaka kona. Akaitwa. Akarudi. Bei ikashuka kidogo, akaitukana kwa heshima, akaondoka tena, safari hii hadi mtaa wa pili, ambako alimkuta mwenye sanduku jingine, akagombana naye pia, kisha akarudi kwa Myemeni kumwambia alichosema yule wa pili. Mimi na Rispah tulikimbia nyuma yake. Saa moja na robo ilipita. Goti lilipomzidi, Myemeni mwenyewe alimtolea kiti cha plastiki, wakaendelea kugombana akiwa amekaa, kisha akainuka na kuondoka upya.

Sanduku lilipopatikana, Rispah akamshika mkono.

"Madam, saa iko kwa mkono wako leo. Hebu angalia."

Elfu sita na mia tisa.

"Uongo," alisema shangazi. "Sijatembea mimi. Nimegombana tu."

Jumatatu akaniambia nichukue funguo. Rispah ana mwenzake, Roselyne, anataka sufuria. Jumatano ikawa blanketi la Maryann. Baada ya mwezi, wafanyakazi wa nusu ya Malaz walikuwa wakituma maombi yao kwa Rispah, na shangazi akawa na orodha kama waziri. Hakuhitaji kuambiwa atembee. Alihitaji kuambiwa kwamba kuna mtu Batha amemwuzia Mkenya feni mbovu. Alitoka nyumbani na chupa ya maji na ghadhabu, akarudi ameloa jasho, anacheka, anasimulia. Chakula cha jioni alikila kidogo kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Mizani ikasema mia na kumi na saba. Kisha mia na kumi na tatu.

Halafu mambo yakaharibika kwa sababu ya sifa. Wafanyabiashara wakamjua. Akitokea tu mwanzo wa mtaa, wanaambizana, "Mama Zanjibari amekuja, halas, mpe anavyotaka." Myemeni alimtajia bei ya mwisho kabla hajafungua kinywa.

"Kwa nini umekubali upesi hivyo?" shangazi alimfokea.

"Nimechoka, ya hajja. Chukua."

"Sichukui! Ongeza bei!"

Mtu yule alinitazama mimi kuomba msaada. Nikatazama viatu vyangu. Ikabidi tuhamie mitaa ya mbali zaidi, kwa wauza vyombo na wauza mazulia ambao hawakumjua bado, na kila wiki eneo la amani likapanuka, naye akalazimika kwenda mbele zaidi kutafuta vita. Daktari alipomwuliza amechagua zoezi gani, alisema, "Kugombania bei." Daktari akaandika: kutembea.

Shaaban ilipoingia alikuwa kilo mia na sita. Tulikwenda Jeddah, nyumbani kwa mdogo wake, shangazi Amal, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Shangazi Amal ni mwembamba tangu kuzaliwa na hulichukulia jambo hilo kama cheo. Alitupikia biriani ya watu kumi.

"Kula, dada. Kesho una kazi."

"Nimeshiba, Amal."

"Umeshiba wapi? Umekonda mpaka shingo imetoka. Watu watasema Riyadh hakuna chakula." Akamimina tena. "Na kiti kipo, dada, hakuna aibu. Mimi nimeshampigia simu mtu wa viti."

Shangazi akaisogeza sahani kando. Shangazi Amal akanuna mpaka Isha.

Asubuhi yake tulikuwa Makka, sisi watatu. Mizunguko saba ya Kaaba aliimaliza polepole, mkono kwenye goti, akipumzika pembeni na kuendelea. Akaswali, akanywa zamzam, akapanda Safa. Safari ya kwanza kwenda Marwa ilikuwa nzuri. Ya pili, ya tatu. Mahali pale huwezi kumtukana mtu, huwezi kugeuza kisogo, na hakuna anayekuita urudi. Kulikuwa na sakafu ndefu tu na watu wakipita, wazee wa Kiindonesia wakimpita kama upepo. Ya nne aliifanya akiwa ameuma mdomo. Ya tano ilichukua nusu saa nzima. Tulipofika Marwa, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu na goti limevimba chini ya abaya.

Alijibwaga kwenye ukingo. Shangazi Amal akapiga magoti mbele yake, machozi yanamlengalenga, akamfuta jasho.

"Saba, dada. Alhamdulillahi, zimetimia. Halas. Tukate nywele twende."

Nilikuwa nimehesabu kwa vidole. Saba huishia Marwa na tano huishia Marwa, na mtu aliyechoka vile angeamini lolote. Hakuna ambaye angejua. Shangazi Amal alinitazama kwa jicho la kunisihi.

Bi Wahida alikunywa maji. Akavuta pumzi mara kadhaa.

"Tano, Amal."

"Labda nimekosea kuhesabu, dada..."

"Hukukosea." Akanyoosha mkono, si kwangu wala kwa Amal, bali kwenye ukuta, akajiinua. "Kaeni hapa kama mmechoka."

Hatukukaa. Tulitembea nyuma yake, shangazi Amal akilia na kuomba msamaha, yeye akimwambia anyamaze amwachie pumzi. Ya sita ilikuwa na vituo tisa. Ya saba sikuhesabu vituo. Adhana ya Adhuhuri ilitukuta njiani, tukaswali palepale, naye ameketi, kisha akaendelea.

Alipofika Marwa mara ya mwisho hakukaa. Alielekea kibla, akainua mikono, akaanza kumwombea Bibi kwa jina lake kamili, na jina la baba yake Bibi, na la babu yake, kisha akamweleza Mungu kwa kirefu kwa nini imechukua miaka yote hii. Watu wakajaa nyuma yetu. Askari akaja, akapunga mkono.

"Yalla, hajja, sogea, wengine wapite."

"Subiri," alisema shangazi bila kugeuka. "Sijamaliza."