Mkono wa Kupokelea Kijiti

Bibi yangu alisamehe mambo mengi, lakini mkono wa kushoto hakuusamehe. Ukiunyoosha kupokea ndizi, au kikombe, au hata kibiriti, anakugonga vidole kwa mwiko kisha anasubiri. Unanyoosha wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, unapokea na kuinamisha kichwa. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Nkoaranga, mlimani. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lingeninyima usingizi.

Nilipomaliza darasa la saba nilibaki nyumbani na kahawa na ng'ombe. Asubuhi nilikimbia na wasichana wengine wa mlimani, na kwa njia hiyo kocha wa mjini aliniona. Baadaye nikaitwa kambi ya timu ya taifa, kwenye hosteli moja mjini, huko Njiro, yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Mimi si msemaji. Wiki ya kwanza watu walidhani sijui Kiswahili.

Mashindano tuliyokuwa tukijiandaa nayo yalikuwa bado machanga. Yalikusanya nchi nyingi na michezo mingi, ngumi, kuogelea, mkuki, riadha, na yalikuwa yamefanyika mara moja tu. Mara hiyo ya kwanza wasichana wetu wa mbio za kupokezana vijiti hawakumaliza. Kijiti kilianguka kati ya mkimbiaji wa tatu na wa nne, kikabingirika kwenye miguu ya wenzao, timu ikatolewa. Kocha alituambia wazi siku ya kwanza ya kambi.

"Tukishindwa tena kufikisha kijiti, wakubwa wamesema basi. Watapeleka wa mbio ndefu peke yao. Sijali mtakuwa wa ngapi. Kijiti kifike."

Wakati anasema hivyo hakuna aliyemtazama yule tuliyemwita dada. Dada ndiye aliyekimbia wa tatu mara ile, na safari hii pia alikuwa wa tatu. Alikuwa mkubwa wetu wote, mama wa mtoto mmoja, na alikuwa amesema hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho. Mimi niliwekwa wa nne. Maana yake kijiti kingetoka mkononi mwake kuja mkononi mwangu, mahali pale pale kilipoangukia.

Asubuhi ya pili nilimsalimia, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Lakini uwanjani usiniamkie, mdogo wangu. Nitazeeka kabla ya fainali."

Wengine walicheka. Mimi sikuweza kuacha. Kila asubuhi shikamoo ilitoka yenyewe.

Tatizo lilianza tulipofanya mazoezi ya kupokezana. Anayekuja anabeba kijiti mkono wa kulia. Anayesubiri anageuza kifua kuelekea ndani ya uwanja, anamtazama anayekuja, anaanza kuondoka huku amenyoosha mkono wa kushoto. Akishakipata anakihamishia kulia na kukimbia. Ukinyoosha wa kulia mwili wote unageukia nje, huwaoni wenzako, miguu inagongana. Nilielewa vizuri. Nikipokea kwa wasichana wa rika langu, mkono wa kushoto ulitoka bila shida. Akija dada, anahema, uso umekunjamana kwa uchovu, ananinyooshea kitu, ulitoka wa kulia. Siku moja ulitoka wa kulia na wa kushoto ukashika kiwiko.

Kocha alipiga filimbi mpaka ikakwama. "We binti! Unapokea kijiti au chakula cha Bwana?"

Nilitamani ardhi ya uwanja ipasuke. Baadaye nikamsikia akimwambia msaidizi wake kwamba labda nirudishwe kuwa wa akiba. Hofu zangu zikawa mbili: kurudishwa, na kutorudishwa.

Dada hakunigombeza. Jioni ile mezani alininyooshea kijiko cha chumvi. Nikanyoosha wa kulia, akakirudisha kwake. "Kushoto."

Msichana aliyepangwa kukimbia wa pili, mtoto wa Kiislamu kutoka mitaa ya zamani ya mjini, akaweka mkono machoni. "Dada, jamani, mezani! Mimi nakula hapa."

"Geukia ukutani," dada akasema. "Chukua, mdogo wangu. Kushoto."

Ikawa hivyo kila siku. Maji, sabuni, chaja ya simu, mkate, vyote alinipa nivipokee kwa kushoto. Mkono ulitoka kwa kunyatia kama unaiba. Siku nyingine ulifanya vizuri, na kesho yake uwanjani ukasahau. Tuliposafiri nilikuwa bado sina uhakika nao. Ndani ya ndege niliukalia.

Siku ya mbio uwanja ulijaa watu waliokuwa wanashangilia nchi nyingine. Msichana wetu wa kwanza alianza vizuri. Wa pili alipitwa na wawili, akabaki nyuma ya aliyekuwa wa nne. Dada alipopokea, waamuzi walituita sisi wa mwisho tujipange kwa kufuata nafasi za wenzetu. Nilisimama kati ya wasichana warefu kuliko mimi. Mmoja alinisukuma kwa kiwiko, nikasogea, nikamwambia samahani kwa Kiswahili.

Kisha nikamwona dada akitoka kwenye kona ya mwisho. Alikuwa amempita mmoja. Kasi ilikuwa imeanza kumwishia, kichwa kimeelekea upande, na kijiti mbele yake kama mtu mzima anayeleta kitu kutoka mbali. Nikaanza kuondoka. Na mkono wangu wa kulia ukaanza kupanda. Niliuona. Niliuona kama mkono wa mtu mwingine.

Dada naye aliuona. Hakusema kushoto. Alipiga kelele, "Usipokee! Ninyang'anye!"

Sijawahi kumnyang'anya mtu kitu. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha mkono wa kunyang'anyia, kwa hiyo hapakuwa na mwiko wa kuukumbuka. Kifua kiligeuka ndani, wa kushoto ukaenda, nikavuta kwa nguvu mpaka nikasikia kucha zake. Kijiti kilikuwa na jasho. Nilikihamisha na nikakimbia mzunguko mzima nikikibana hivi kwamba vidole viliuma kuliko mapafu. Mmoja alinipita katikati. Sikujali. Tulimaliza wa tano kati ya nchi saba.

Nilipovuka mstari sikukiachia. Mwamuzi alikiomba mara mbili. Dada alikuja anachechemea, akakaa chini kwenye lami nyekundu ya uwanja, akalia bila kuficha uso. Kocha alisema tu, "Kimefika." Kabla hatujaachana tuliambiwa timu ya kijiti itaendelea kuwepo, na mimi nitaitwa tena. Dada hatakuwepo.

Niliporudi nyumbani, bibi alikuwa ameshika kikombe cha chai ya maziwa akinisubiri mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea kikombe. Mkono wangu wa kushoto ukatoka, mwepesi, moja kwa moja, vile ulivyokataa kufanya kule Njiro wiki zote zile.

Bibi hakunipiga. Alikishikilia kikombe, hakukiachia.

"Ndivyo mlivyokwenda kufundishwa huko?"

"Bibi, ni kwa ajili ya kijiti."

"Mimi nimeshika kijiti?"

Nikaurudisha wa kushoto, nikanyoosha wa kulia, nikashika kiwiko. Akaachia. Chai ilikuwa ya moto na sikuweza kuinywa haraka. Nilikaa kizingitini nikitazama mikono yangu miwili, nikihesabu kambi ijayo iko lini, na nikijiuliza kama huu wa kushoto utakumbuka tena, sasa kwa kuwa atakayeniletea kijiti hatajua kwamba mimi lazima nipigiwe kelele.