Picha ya Kisogo cha Wifi

Kitana kimebanwa kwenye meno, vidole viko kazini. Msusi anayeitwa na mtaa mzima Mkono Mwepesi anagawa nywele za wifi yake, dada wa mumewe, na hata msuko wa kwanza haujakamilika ameshauliza: "Wifi, nikupige picha au nisikupige?"

"Suka kwanza, maneno baadaye," anajibiwa.

Zamani hakuuliza. Kila kichwa alikipiga picha kabla na baada ya kusuka, akazihifadhi kwenye programu ya simu ya mitindo ya nywele. Kwa kuzilinganisha, mkono wake ukakomaa.

"Programu ilikuwa ya bure, nikajiona nina bahati," anasema. "Kumbe rahisi ni ghali!"

Wifi yake aliugua, nywele zikapukutika. Zilipoanza kuota alikuja kwa msusi huyu peke yake, mlango ukafungwa. Nje ya familia hakuna aliyejua. Picha ikapigwa kama kawaida, kisogo chenye mabaka na ubavu wa uso.

Haukupita muda, picha ileile ikatokea kwenye tangazo la mafuta ya kuotesha nywele. Majirani wakaiona.

"Alinipigia akaniuliza, 'Wifi, umeniuza?' Nililia. Niliapa sijampa mtu ruhusa, akakata simu."

Wateja nao wakaanza kumkwepa. Kisha siku moja wifi akaingia mwenyewe, kofia kichwani. "Lete hiyo simu," akasema.

Wakaifungua programu, wakashuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: ukiitumia programu hii umekubali masharti yote, na picha zako tutazitumia kwenye matangazo. Pa kusema ndiyo au hapana, hapakuwepo. Jamani! Mtu anafungua mlango tu, anaambiwa ameshaolewa!

"Basi na wewe hukuulizwa," wifi akamwambia. Wakawaandikia wenye programu malalamiko pamoja, wakarudia na kurudia, mpaka picha ikaondolewa.

"Angekata undugu, nani angemlaumu? Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru kila nikimwona," anasema Mkono Mwepesi.

Programu ameifuta. Sasa anataka kupamba ukuta wa saluni kwa picha za karatasi, za waliokubali kwa mdomo wao. Msumari wa kwanza umeshapigiliwa, bado mtupu.

Msuko wa mwisho unafungwa. Wifi anajitazama kwenye kioo, anageuza shingo huku na huku.

"Haya, piga," anasema. "Ila leo nipige mbele. Kisogo wameshakiona."