Kisang na Zamu ya Maji

Siku hizi bomba limefika mlangoni, na wanaume wa bonde letu wamenenepa. Zamani hapa Marakwet maji yalitoka juu mlimani kwa mfereji wa mawe, nao ulibomoka kila masika. Pembe ikilia, wanaume wote tunapanda mlimani kuujenga upya. Asiyepanda hana zamu ya maji, na wimbi lake, nafaka yake shambani, litakauka. Asubuhi zile nazikumbuka hadi moyo unauma: nyimbo, jasho, kibuyu cha maziwa mgando kikipita mkono kwa mkono.

Kisang alikuwa jirani yangu, na kwa kupanga mawe hakuwa na mwenzake. Mwaka ule mkewe, Jeptum, alishikwa na homa kali, watoto wangali wachanga. Kisang akajitwika mtungi, akashuka mtoni. Kwetu mwanamume anafikisha maji shambani, si jikoni. Kabla hajafika mferejini, habari ilikuwa imeshafika.

"Karibu, mama Kisang! Mtungi umeuacha wapi?" Aliyesema hivyo ni mimi. Wenzangu wakacheka mpaka wakaketi chini. Sijajisamehe mpaka leo.

Utani ukageuka hukumu. Ikasemwa kwamba anayechota na wanawake asihesabiwe mferejini, yaani asipewe zamu, na wimbi lake lilikwishaanza kunyauka. Kisang hakuondoka. Alipanga mawe yake. Wengine wakiyang'oa, anayarudisha.

Siku ya tatu Mzee Yano, mgawaji wa maji, akamwita mbele yetu.

"Kweli ulichota?"

"Nilichota, mzee. Na leo nimechota tena. Angekunywa nini?"

"Wenzako wanakucheka."

"Wacha wacheke. Jeptum akifa, watakuja kunilelea watoto?"

Nilidhani atafukuzwa papo hapo. Mzee Yano akaketi juu ya jiwe, akavua kofia.

"Mke wangu naye aliniomba maji," akasema. "Homa hiyohiyo. Mimi nipo, mtungi mtupu upo. Nikamwambia, vumilia, dada yangu yuko njiani, atakuchotea." Akaipapasa ile kofia. "Dada alipofika, mwenzangu ameshakata roho. Mto wenyewe hauko mbali."

Akavaa kofia, akasimama.

"Leo zamu ni yangu," akasema. "Maji yaende kwa Kisang."

Nikachukua jembe, nikaenda kuyafungulia njia.