Hadithi Niliyomgeuzia Dada Yangu

Msimu wa karafuu ulipofika, nyumba yetu kule Vitongoji ilinukia karafuu hata kwenye mito ya kulalia. Mapakacha yalishushwa alasiri, na tukishasali magharibi sote tuliketi kulizunguka rundo tukachambua, karafuu huku na makonyo, vijiti vyake, kule. Vidole vilikuwa na kazi lakini masikio yalikuwa huru, na bibi yetu, mama yake baba, aliyajaza hadithi mpaka tusikie adhana ya isha. Namshukuru Mungu kwa miaka ile, miaka michache kabla ya Mapinduzi, ingawa ndani yake nilitenda jambo ambalo mpaka leo naliombea maghufira.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya chungu. Watoto wawili wa kike, yatima, walipewa chungu cha udongo na jini wa chemchemi. Akikoroga mwenye moyo safi, chakula kinaongezeka, kijiji kizima kinakula na kusaza. Akikoroga mwenye husuda, chungu kinakauka, na moshi wake unawageuza watu kima. Dada mkubwa akikoroga watu walishiba. Mdogo akaona wivu, akakoroga kwa siri, na nusu ya kijiji ikapanda mitini. Mkubwa alifunga safari kwenda kumwomba jini msamaha, na mdogo akabaki mlangoni miaka saba akiwagawia ndizi majirani zake waliokuwa juu ya miti.

Tulicheka sana hapo penye ndizi. Lakini mimi nilikuwa mdogo wa nyumba, na nilianza kuona kwamba katika hadithi za bibi mdogo ndiye anayekosa kila mara. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Mke mwenzangu," alinijibu, maana ndivyo alivyotuita wajukuu wake wa kike, "mkubwa alipozaliwa hakumkuta mtu wa kumwonea wivu."

Watu wazima walicheka, dada yangu akacheka pamoja nao, na mimi nikainamia makonyo yangu.

Dada yangu alinizidi miaka sita. Alikuwa na baka dogo jeusi juu ya mdomo, na akitembea aliburura ndara zake hata ukamjua kabla hujamwona. Tulilala kitanda kimoja. Ndiye aliyenisuka nywele na kunisikiliza sura nilizohifadhi. Msimu ule ikaja posa yake kutoka Kengeja. Mama akaanza kutarizi foronya. Bibi akamhamishia dada chumbani kwake, ili amfundishe yale ambayo mwari hufundishwa. Nilibaki peke yangu kwenye kitanda kile, na hakuna aliyefikiri kuniambia lolote. Kila mgeni aliyeingia aliulizia dada. Nywele zangu akawa ananisuka mama kwa haraka, mistari imepinda.

Chuoni, tulikosomeshwa Kurani, tulikuwa tukifika mapema kabla ya mwalimu. Wazee walitukataza kusimulia hadithi mchana, wakisema msimuliaji atapotea njia ya kurudi kwao. Nami siku hiyo nilisimulia ya chungu, tena nikaigeuza. Kwangu mimi mkubwa ndiye aliyekuwa hasidi. Nikampa baka juu ya mdomo. Nikamwendesha akiburura ndara. Nikamtungia na wimbo, "Koroga, dada, koroga, chungu kikauke." Wenzangu waliangua kicheko, na kesho yake walinisubiri mlangoni niisimulie tena. Sijapata kusahau utamu wa kusubiriwa.

Kwetu, mahari hayapelekwi mpaka upande wa mume umtume mwanamke mzima kuja kumtazama msichana na kuuliza habari zake kwa majirani. Huja na kisingizio, na kijiji kizima hujifanya hakijui. Aliyekuja kwetu alikuwa shangazi wa mume, akasema anatafuta ukindu wa kusuka mikeka. Alikuwa amekaa kibarazani kwa jirani dada yangu alipopita na ndoo ya maji kichwani. Nyuma ya ua watoto wakaanza, "Koroga, dada, koroga."

Yule shangazi akamwita mtoto mmoja akamuuliza wanaimba nini. Mtoto akajibu kama alivyofundishwa: "Huyo ndiye anayegeuza watu kima."

Pengine kwingine wangecheka yakaisha. Kwetu mambo ya uchawi hayakuwa mzaha, na watoto huaminiwa kwa sababu hawajui kuficha. Mgeni alishukuru, akauacha ukindu wake, akapanda gari la jioni kurudi Kengeja.

Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe wa adabu kwamba wamesali istikhara kumwomba Mungu awaonyeshe lenye kheri, na istikhara haikuelekea. Baba akasema kheri ni ile aliyoichagua Mungu. Mama akazikunja foronya. Jirani alipokuja kumnong'oneza mama sababu yenyewe, dada yangu alikuwa nyuma ya mlango. Hakulia. Alikwenda kisimani, akawauliza watoto taratibu ni nani aliyewafundisha wimbo ule.

Alinikuta jikoni napuliza moto.

"Ungeniambia tu hutaki nende," alisema, "ningekaa."

Siku ile ile aliomba ruhusa ya kwenda kukaa Wete kwa mama mkubwa, dada yake mama, na baba hakumkatalia.

Alikuwa akija siku za Idi. Mimi humkimbilia na salamu, naye hunijibu, "Waalaikumu salamu warahmatullahi wabarakatu," yote, kwa ukamilifu wake, kwani alisoma, na alijua kwamba si halali Muislamu kumhama mwenzake, asiseme naye, zaidi ya siku tatu. Akishajibu, hupita. Hakunipunguzia hata herufi, wala hakuniongezea. Ningefurahi zaidi kama angenipiga.

Nilikaa na jambo lile mpaka sikuweza kusoma. Nikamwendea mwalimu wetu wa chuoni nikamweleza, huku nikitegemea bakora. Hakuinyanyua. Alinieleza kwamba haki ya Mungu huombwa kwa Mungu, lakini haki ya mja hurejeshwa kwa mja mwenyewe.

"Maneno uliyoyamimina masikioni mwa watu," alisema, "nenda ukayateke."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wote waliokuwapo chuoni siku zile. Nilisimama mlangoni, nikasema kwamba hadithi niliigeuza, na aliyekuwa hasidi ni mdogo, na mdogo huyo ni mimi. Wengine walinicheka. Mama mmoja alishika kiuno akasema, "Wallahi mimi nilishamwaga mtungi mzima wa maji kwa kuwa aliuteka dada yako. Kumbe maji yangu yameliwa na mtoto." Nilirudi nyumba hiyo na mtungi wa maji kichwani, bila kutumwa.

Kisha bibi, aliyekuwa na miguu inayovimba, akanipeleka Kengeja kwa gari la abiria, amekaa juu ya gunia la muhogo kwa kukosa nafasi. Njia nzima hakunisema. Yule shangazi alitupokea kwa heshima. Nilipomaliza kusema alimgeukia bibi.

"Mtoto amesema kweli, na mimi nilipoyapeleka yale nitapeleka na haya. Lakini kijana wetu ameoa mwezi uliopita, Bi mkubwa. Nyumba imeshakaliwa."

Alitupa samaki wa kukaanga na muhogo.

Kutoka hapo tulikwenda Wete, tukamkuta dada yangu anashona. Nilimhadithia nyumba moja moja, na mtungi, na Kengeja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye sindano.

"Kwa Mungu nimekusamehe, tusije tukasimamishwa nalo kiama," alisema. "Kwa nafsi yangu, ningoje."

Nikamuuliza ningoje mpaka lini. Bibi akanifinya pajani.

Nilingoja. Nimejifunza subira katika vitabu vingi baadaye, na nimeifundisha wengine, lakini darasa la kwanza lilikuwa lile. Misimu miwili ilipita. Aliolewa pale pale Wete na fundi cherehani, mtu mpole aliyemweka vizuri mpaka mauti yalipowatenganisha. Harusini nilikaa na watoto wa wageni. Jina lake halikuwa na doa tena, lakini kati yetu palikuwa vile vile.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, dereva wa gari alileta habari asubuhi. Mama akafunga furushi lake la nguo, maana mzazi hukandwa na kuangaliwa na mama yake siku arubaini. Dereva alikuwa hajamaliza.

"Kasema mama apumzike kwanza. Aje mdogo wake."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilifika Wete adhuhuri, nikasimama mlangoni mwa chumba cha mzazi, nikatoa salamu. Kwetu mtoto mchanga hatolewi mbele ya mtu ovyo. Hufunikwa, na hupakwa wanja kwenye paji la uso ili jicho la hasidi lisimpate, na ambaye moyo wake una mashaka hubakishwa nje kwa kisingizio cha usingizi. Mama mkubwa alikuwa amemtoa mtoto majini sasa hivi, analifungua kopo la wanja.

Dada yangu aliniitikia salamu yangu. Kisha akamzuia mama mkubwa mkono, akamchukua mtoto vile vile, uso mtupu unaong'aa maji, akanipa.

"Kaa kwanza," alisema. "Halafu mshike shingo, bado haijakaza. Umekuja na nywele zimesukwaje hizi? Ukishamlaza uje hapa mbele yangu."